Kupokea Si Kukubali: Istilahi za Mzigo Uliopungua na Malipo Yake

UTANGULIZI

Biashara ya kununua na kuuza bila ya muuzaji na mnunuzi kuonana uso kwa uso si jambo geni katika nchi yetu. Tangu zamani watu wa pwani waliagiziana bidhaa kwa barua na kwa manahodha wa majahazi. Jambo lililo geni ni wepesi wake. Siku hizi mtu aliyeko kijijini huona picha ya bidhaa katika simu yake, hutuma fedha kwa simu hiyo hiyo, na baada ya siku mbili hupelekewa mzigo kwa basi na kwa bodaboda. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza kuenea nchini mwaka 2008, na kwa muda usiofika miaka 20 imeingia katika maisha ya kila siku ya mjini na ya shamba.

Pamoja na wepesi huo umekuja ugomvi wa aina yake. Aghalabu mzigo haupotei wote, bali hufika ukiwa umepungua. Hapo ndipo watu wawili ambao hawajapata kuonana huanza kuandikiana ujumbe mfupi, na kila mmoja hutumia maneno kwa maana aijuayo mwenyewe. Sisi tunaoshughulika na istilahi si mahakimu, wala haitupasi kuamua nani ana haki. Hata hivyo tumeona kwamba sehemu kubwa ya ugomvi huu hutokana na maneno machache yanayochanganywa. Fedha ya mtu huweza kupotea kwa sababu aliandika "tumepokea" mahali ambapo hakueleza alichopokea.

Katika makala haya tunakusudia kuyachambua maneno hayo, kueleza dhana zilizomo ndani yake, na kutoa mapendekezo yetu. Wakati ni mwafaka. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha mabadiliko yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini. Kwa hiyo maneno tunayoandikiana katika simu leo huenda kesho yakasomwa mbele ya hakimu, kwa lugha hii hii tuliyoyaandikia.

MFANO WA VIHINGO

Ili tusizungumze hewani, tuchukue mfano. Tuseme kuna kikundi cha akina mama huko Vihingo, katika Mkoa wa Pwani, upande ambako wilaya za Kibaha na Kisarawe zinapakana. Kikundi hicho hukodisha vyombo vya shughuli: sahani, masufuria na majamvi ya harusi na hitima. Katibu wa kikundi anaona picha za sahani kwa muuzaji mmoja wa Dar es Salaam asiye na duka, auzaye kwa simu tu. Wanapatana sahani dazani 25, kwa bei ya Sh. 30,000/- kila dazani, yaani Sh. 750,000/- kwa jumla. Kikundi kinatuma Sh. 400,000/- kwanza, na Sh. 350,000/- zitamaliziwa mzigo ukifika. Nauli ya mzigo ni juu ya kikundi.

Mzigo unapakiwa katika basi, unashushwa kwenye barabara kuu ya Morogoro, kisha unapelekwa Vihingo kwa bodaboda. Jioni muuzaji anaandika, "Dada, mzigo umefika?" Katibu anajibu, "Ndiyo kaka, tumepokea, asante." Asubuhi yake maboksi yanafunguliwa na sahani zinahesabiwa. Zimo dazani 21 tu.

Katibu anaandika, "Kaka, umetupunja. Mzigo ni nusu. Hatumalizii hata senti." Muuzaji naye anajibu, "Dada, jana ulisema umepokea, tena ukashukuru. Mambo ya njiani hayanihusu. Nimalizie laki tatu na nusu yangu." Baada ya hapo yanafuata matusi, na mwisho katibu anatishia kwenda polisi kumshitaki "tapeli".

Msomaji akiyaangalia maneno hayo kwa makini ataona kwamba pande zote mbili zimekosea. Mzigo haukuwa nusu. Kupokea si kukubali. Kupunja ni shutuma ambayo bado haijathibitishwa. Fedha inayodaiwa si Sh. 350,000/-, wala si sifuri. Kadhalika haijulikani kama muuzaji huyo ni tapeli au ni mtu aliyekosea hesabu. Sasa na tuyachukue maneno hayo moja baada ya jingine.

KUPUNGUA, KUPUNGUZA NA KUPUNJA

Kitenzi "kupungua" hueleza hali tu. Mzigo umepungua, yaani umekuwa chini ya kiasi kilichopatanwa. Haisemwi ni kwa sababu ya nani. Kutokana na kitenzi hicho tunapata "pungufu" na "upungufu". Maneno haya hayamtuhumu mtu yeyote, kwa hiyo ndiyo yafaayo kutumiwa mwanzoni mwa dai, wakati ambapo jambo halijachunguzwa.

"Kupunguza" ni kufanya kipungue, na hapa ametajwa mtendaji. Lakini jihadhari na nomino yake, "punguzo". Neno hili katika biashara limekwisha kujikita kwa maana ya kushusha bei kwa hiari ya muuzaji. Mnunuzi aandikaye kwamba amepata "punguzo la dazani 4" huenda akaeleweka kuwa amepewa nafuu, kumbe analalamika. Kwa hiyo neno "punguzo" libaki katika bei, na "upungufu" uwe katika idadi, uzito au ujazo wa bidhaa.

"Kupunja" ni neno zito zaidi. Ni kumpa mtu chini ya haki yake huku ukijua. Neno hili ni la zamani, na asili ya matumizi yake ni sokoni, penye vipimo. Wazee wetu walipopima nafaka kwa kibaba na pishi, ambayo ni vibaba vinne, walitofautisha kibaba cha tele, kilichojazwa hadi kufanya kichuguu juu, na kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa kwa kupanguswa mdomoni. Mtu aliyepatana kwa kibaba cha tele akapimiwa cha mfuto alikuwa na haki ya kusema kuwa amepunjwa. Tazama jinsi lugha ilivyokuwa na jina kwa kila kipimo, ili ugomvi upate mahali pa kusimama.

Faida nyingine ya "kupunja" ni kwamba kinazaa vizuri: "mpunjaji", "mpunjwa", "upunjaji", na "mapunjo", neno ambalo wafanyakazi wetu wamelizoea kwa maana ya fedha waliyolipwa chini ya stahili yao na ambayo sasa wanaidai. Tunapendekeza "upunjaji" utumike pale tu ambapo kusudi la muuzaji limejulikana, kwa mfano akikiri, au ikionekana kuwa huwapelekea wanunuzi wengi mizigo pungufu kwa namna ile ile. Kabla ya hapo tuseme "mzigo pungufu".

Wapo watakaosema kwamba kuchagua baina ya maneno mawili hakurudishi sahani 48 zilizokosekana. Tunawajibu kwa mfano wa neno "lumbesa". Wakulima wetu kwa muda mrefu waliuza mazao kwa magunia yaliyojazwa kupita kiasi na kushonewa juu kofia ya nyongeza, huku wakilipwa bei ya gunia moja. Dhuluma hiyo ilipopewa jina fupi lililojulikana na kila mtu, iliwezekana kuitaja katika mikutano, katika magazeti na Bungeni, na maofisa wa vipimo wakapata neno la kuwakataza wafanyabiashara. Lumbesa ni kuchukua zaidi ya kipimo. Mzigo pungufu ni kutoa chini ya kipimo. Hilo la kwanza tumelipa jina, na la pili nalo linastahili jina lake.

Neno "nusu" nalo lina hatari yake. Katika mazungumzo ya kawaida tunasema "kazi nusu" au "mzigo nusu" kwa maana ya kisichotimia. Katika dai la fedha nusu ni nusu. Dazani 21 katika 25 si nusu, na mnunuzi aandikaye hivyo hujipunguzia uaminifu mwenyewe. Kitu kisichopungua chochote tunapendekeza kiitwe "timilifu": mzigo timilifu, idadi timilifu.

KUKABIDHI, KUPOKEA, KUKAGUA NA KUKUBALI

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Safari ya mzigo ina hatua nne, na kila hatua ina kitenzi chake.

(a) Kukabidhi. Hili ni tendo la muuzaji la kuutoa mzigo mkononi mwake. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, na ni ndugu wa neno "stakabadhi", hati ambayo huthibitisha kwamba kitu kimetiwa mkononi. Katika sheria yetu ya uuzaji wa bidhaa, Sura ya 214, iliyofuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, muuzaji aliyeruhusiwa kupeleka mzigo kwa njia ya mchukuzi huhesabiwa kwa kawaida kuwa amemkabidhi mnunuzi pale anapomkabidhi mchukuzi huyo, isipokuwa kama wamepatana vingine. Kwa hiyo maneno ya muuzaji kwamba "mambo ya njiani hayanihusu" si upuuzi mtupu. Lakini yana mpaka. Yanaweza kumkinga tu ikiwa alikabidhi dazani 25 kwenye basi, na ikiwa alipatana na mchukuzi kwa uangalifu unaostahili mzigo wa namna ile. Ikiwa alipakia dazani 21, upungufu ulizaliwa mikononi mwake, na basi halihusiki.

(b) Kupokea. Hili ni tendo la mwili. Mzigo umefika, mtu ameushika. Mpokeaji hajui bado kilichomo ndani ya boksi. Mtoto aliyetumwa barabarani kuuchukua mzigo amepokea, ingawa hana mamlaka ya kukubali chochote.

(c) Kukagua. Mnunuzi ana haki ya kupewa nafasi ya kufungua, kuhesabu na kutazama kama alicholetewa kinalingana na mapatano. Tendo hili halina budi lifanywe mapema, na ikiwezekana mbele ya aliyeuleta mzigo.

(d) Kukubali. Hili ni tendo la hiari na la kisheria. Mnunuzi huhesabiwa kuwa amekubali anapomwambia muuzaji kwamba amekubali; au anapoitumia bidhaa kama mali yake, kwa mfano kuiuza au kuikodisha; au anapokaa nayo kwa muda mrefu kupita kiasi cha busara bila ya kumwarifu muuzaji kwamba ameikataa.

Msomaji sasa anaona kosa lilipo katika mfano wetu. Katibu aliposema "tumepokea, asante" alikuwa katika hatua ya pili, na shukrani yake ilikuwa adabu tu ya Kiswahili. Muuzaji alidai kuwa wamekwisha kufika hatua ya nne. Kama katibu angeandika "tumepokea maboksi, bado hatujayakagua", mlango wa ubishi ungefungwa hapo hapo. Kwa upande mwingine, kama kikundi kingekwisha kuzikodisha sahani zile kwenye harusi ya Jumamosi, kisingeweza tena kusema Jumatatu kwamba kimeukataa mzigo wote.

Kinyume cha kukubali ni "kukataa", na hapa pia pana mchanganyiko. Wengi hudhani kwamba kukataa mzigo ni lazima kuurudisha. Sivyo. Mnunuzi mwenye haki ya kukataa halazimiki kuusafirisha mzigo kurudi kwa muuzaji kwa nauli yake, ila kama wamepatana hivyo. Humtosha kumwarifu muuzaji kwamba ameukataa. Kisha yampasa kuutunza vyema mpaka mwenyewe auchukue. Kwa hiyo tuyatenge maneno haya: "kukataa" ni kauli, "kurudisha" ni usafirishaji.

HAKI YA KUCHAGUA

Sheria hiyo inampa mnunuzi aliyeletewa mzigo pungufu njia mbili. Anaweza kuukataa mzigo wote, au anaweza kuukubali kama ulivyo na kuulipia kwa bei ile ile ya mapatano. Hawezi kuchukua sahani na papo hapo akakataa kulipa. Muuzaji naye hawezi kudai bei ya sahani ambazo hakuzileta. Halikadhalika mnunuzi halazimiki kupokea mzigo kwa mafungu, leo dazani 21 na wiki ijayo dazani 4, ila kama amekubali hivyo.

Katika mfano wetu, kikundi kikizikubali dazani 21, bei yake ni Sh. 630,000/-. Kimekwisha kulipa Sh. 400,000/-, kwa hiyo kinadaiwa Sh. 230,000/-, si Sh. 350,000/-. Kikiukataa mzigo wote, kinastahili kurejeshewa Sh. 400,000/- zake, na sahani ni za muuzaji. Njia ya tatu ni ya hiari ya pande zote mbili: kupatana kwamba muuzaji atapeleka "salio la mzigo" kwa tarehe inayotajwa, na fedha iliyobaki italipwa siku hiyo.

Tumechagua "salio" kwa sababu linajulikana katika hesabu na linatokana na kitenzi "kusalia". Neno "bakaa" nalo lipo, lakini limezoeleka zaidi katika vitabu vya fedha. Hatupendekezi "mabaki", maana mabaki hudokeza makombo.

MAJINA YA FEDHA

Fedha inayotangulizwa ina majina mengi mitaani: "kianzio", "advansi", na hata "kishika uchumba", msemo wa mzaha ulioazimwa kutoka mambo ya posa. Msemo huu una hekima ndani yake, kwani atoaye kishika uchumba huonyesha nia. Lakini katika fedha hii zimo dhana mbili zinazopasa kutengwa.

Ya kwanza ni "rubuni", ambayo pia huitwa "arbuni". Hii ni fedha ya kuonyesha kwamba mnunuzi hatanii; akighairi bila sababu, rubuni humpotea. Ya pili ni "malipo ya awali", yaani sehemu ya bei iliyotangulia tu. Muuzaji akishindwa kutimiza ahadi yake, zote mbili hustahili kurejeshwa. Mnunuzi akighairi, hapo ndipo tofauti huonekana. Inasikitisha kwamba neno "rubuni" linaanza kusahaulika, huenda kwa sababu lina mwenzake, kitenzi "kurubuni", chenye maana ya kumlaghai mtu kwa vishawishi. Hata hivyo maneno mawili yenye umbo moja si jambo la ajabu katika lugha. Tunapendekeza "rubuni" lirudishwe katika matumizi.

Dhana ya tatu ni fedha inayowekwa kwa mtu wa kati, ambaye humlipa muuzaji baada tu ya mnunuzi kukagua na kukubali. Neno "amana" lina maana hiyo hasa, lakini mabenki yamelizoea kwa fedha yoyote iliyowekwa na mteja. Kwa hiyo tunapendekeza "amana ya mauzo", na mtu wa kati aitwe "mshika amana". Mpangilio huu ungefaa sana kwa watu wasiojuana. Kwa sasa watu hutumia njia rahisi zaidi, "lipa ukipokea". Msemo huo ni mzuri, lakini kwa kuzingatia tuliyoyaeleza juu ya hatua nne, usahihi wake ungekuwa "lipa ukikagua".

Kuhusu fedha inayorudi nyuma, maneno matatu huchanganywa. "Kurudisha muamala" ni kubatilisha utumaji uliokosewa, kwa mfano fedha iliyokwenda kwa namba isiyo yake. Hilo ni jambo baina ya mtumaji na kampuni ya simu, na halikukusudiwa kuamua kama sahani zilitimia. "Marejesho ya bei" ni fedha ambayo muuzaji anamrudishia mnunuzi kwa bidhaa isiyofika au iliyokataliwa. Tumeongeza "ya bei" ili yasichanganyike na marejesho ya mikopo, ambayo vikundi vyetu huyajua sana. "Fidia" ni fedha ya kuziba hasara iliyomfika mtu kwa sababu ya ahadi kutotimizwa. Kama kikundi kilikosa kukodisha vyombo kwa harusi kwa sababu ya dazani 4, dai lake si marejesho bali ni fidia. Na fidia hutegemea kama hasara hiyo ilitokana moja kwa moja na kuvunjwa kwa mapatano, au kama muuzaji aliarifiwa mapema kwamba vyombo vinahitajika Jumamosi. Tena mdai hutakiwa kuwa amejitahidi kuipunguza hasara yake.

MDAIWA AU TAPELI?

Neno "tapeli" limekuwa jepesi mno vinywani mwetu. Tapeli ni mtu ambaye tangu mwanzo hakuwa na nia ya kutimiza anachoahidi; alitumia uongo ili apate fedha. Hilo ni kosa la jinai, nalo hutajwa mahakamani kama kujipatia mali au fedha kwa njia ya udanganyifu. Muuzaji aliyepeleka dazani 21 kati ya 25, akapokea simu, na akabishana juu ya hesabu, kwa kawaida ni "mdaiwa" tu katika shauri la madai. Tofauti hii ina uzito mkubwa. Mlalamikaji aliyechagua neno "tapeli" hupeleka jambo lake polisi, huambiwa kwamba hilo ni la madai, hurudi nyumbani amekata tamaa na kudhani kwamba hana haki. Haki anayo, ila aliipeleka kwenye mlango usio wake.

Mlango wa kwanza ni mazungumzo. Wa pili ni usuluhishi wa mtu anayeheshimiwa na pande zote. Wa tatu ni Mahakama ya Mwanzo, ambako shauri huendeshwa kwa Kiswahili. Pale muuzaji anapofanya biashara ya kupotosha watu, ipo Tume ya Ushindani, iliyotokana na sheria ya mwaka 2003, ambayo kazi yake mojawapo ni kumlinda mlaji.

Yafaa pia kukumbuka kwamba "muuzaji binafsi", yaani mtu asiye na duka wala kampuni, hakuepushwa na kanuni ya idadi. Hata aliyeuza vyombo vya nyumbani kwake mara moja tu anapaswa kutoa idadi aliyoahidi. Na wale wanaodhani kwamba ujumbe wa simu si maandishi wajue kwamba Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imeukubali mkataba uliofanywa kwa njia hiyo, na haikubali ushahidi ukataliwe kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Waliosema "mali bila daftari hupotea bila habari" hawakuijua simu, lakini neno lao linaihusu. Ujumbe usiufute.

NAMNA YA KUANDIKA DAI

Kwa kuyatumia maneno tuliyoyaeleza, katibu wa kikundi angeweza kuandika hivi:

"Kaka, salamu. Tulipatana sahani dazani 25 kwa Sh. 30,000/- kila dazani. Tulituma malipo ya awali Sh. 400,000/-. Jana jioni tulipokea maboksi, na leo asubuhi tumeyakagua mbele ya dereva wa bodaboda. Maboksi hayakuwa yamefunguliwa. Tumehesabu dazani 21. Upungufu ni dazani 4. Tuko tayari kuzikubali dazani 21 kwa Sh. 630,000/-, na kukumalizia Sh. 230,000/-. Au, ukipenda, tupatane siku ya kuleta salio la mzigo kwa nauli yako, nasi tutakulipa Sh. 350,000/- siku hiyo. Tafadhali tujibu kabla ya Ijumaa. Tumekutumia picha."

Barua hii haimtukani mtu. Inataja mapatano, fedha iliyolipwa, siku ya kupokea na ya kukagua, shahidi, upungufu kwa hesabu, chaguo la mnunuzi na siku ya mwisho ya kujibu. Sentensi ile ya maboksi kutofunguliwa ni fupi, lakini ndiyo inayojibu hoja ya njiani. Muuzaji mwaminifu ataisoma na kwenda kuhesabu upya alichonacho. Muuzaji asiye mwaminifu ataona kwamba anayeshindana naye anajua anachokidai.

HITIMISHO

Desturi yetu katika kuunda istilahi ni kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha zetu nyingine za Kibantu, na ndipo tuende mbali zaidi. Katika jambo hili hatukulazimika kwenda mbali. Kupungua na kupunja, kupokea na kukubali, rubuni na amana, marejesho na fidia, yote yamo katika lugha tangu zamani. Upungufu uliopo ni wa kuyatenga, kwa maana neno lisilo na mpaka ni kama kibaba kisichojulikana kuwa ni cha tele au cha mfuto: kila mmoja hupima apendavyo.

Mapendekezo haya si amri. Tunawaomba wasomaji, hasa wale wauzao na wanunuao kwa simu, mahakimu wa Mahakama za Mwanzo, na wachukuzi wa mizigo, watuletee maneno wanayoyatumia wao wenyewe. Tungependa sana kujua, kwa mfano, kama upande wa Kibaha na Kisarawe kuna neno fupi zaidi la kutaja mzigo pungufu kuliko haya tuliyoyapendekeza. Likiwapo, na likiwa wazi, litatangulia mbele ya letu.